Wanyamapori wa Nanenane: mpeni mtoto kitu cha kushika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu maonesho ya wanyamapori yanayoandaliwa kwa ajili ya watoto wadogo. Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Chang'ombe hapa Dodoma. Mwezi wa saba ukianza tu, oda za Nanenane, maonesho ya wakulima ya Agosti, zinamiminika: meza za mabanda, rafu, fremu za mabango, vibao vya kuelekeza wageni. Idara, mashirika, vikundi vya akina mama, wote wanataka vitu vifike uwanja wa maonesho wa Nzuguni kabla pazia halijafunguliwa. Kwa hiyo haya siyasemi kama mpita njia. Ni kazi iliyopita mikononi mwangu, na fedha yake nimeila.

Oda iliyoandikwa "kona ya watoto" huwa naijua kabla sijaifungua. Ni fremu ya mita mbili kwenda juu, ya kuwambia bango lenye picha ya simba na chini yake maandishi. Kuna mteja mmoja alileta bango lenye aya tano nzima kuhusu faida za uhifadhi kwa vizazi vijavyo. Nikamuuliza watakaolisoma wana umri gani. Akanijibu, bila wasiwasi wowote, kwamba ni watoto wa chekechea na awali. Sasa mtoto wa miaka 5 akisimama wima, macho yake yapo kama mita moja kutoka chini. Maandishi ya bango lile yalianzia juu ya hapo. Na hata ungelishusha mpaka sakafuni, mtoto wa awali ndiyo kwanza anahangaika na ba, be, bi, bo, bu.

Kitu cha pili ni kizimba. Sipingi wanyama hai kuletwa kwenye maonesho. Foleni yake naiona, na najua wazazi wengi hawana nauli wala kiingilio cha kupeleka watoto hifadhi ya Ruaha. Lakini tazama mtoto anaondoka na nini pale. Amebebwa mabegani, amesukumwa na umati, amemwona simba kwa mbali amelala. Simba hulala hata saa 20 kwa siku, hilo ni umbile lake, hana kosa. Mtoto anarudi nyumbani anasema, "Simba amelala." Basi. Kwa nini simba huyo atunzwe, na nani anayemharibia makazi yake, hakuna kilichomfikia.

Ombi langu kwa wanaopanga mabanda haya ni dogo. Mtoto wa miaka 3 hadi 7 atengenezewe vitu vya kuvuta, kusukuma, kufungua, kubomoa na kujenga tena, na tuanze na wanyama walio jirani zetu hapa nchi ya kati. Nitaeleza kwa kazi ambayo tumeshaifanya.

Dodoma ni nchi ya mawe. Kwenye nyufa za mawe ya ukanda huu anaishi kobe ambaye watu wengi wa mjini hawajawahi kumwona kwa macho. Ni bapa kama chapati, na gamba lake ukilibonyeza linanesanesa kidogo, si gumu kama la kobe mwingine. Kobe tuliozoea akitishwa hujifungia ndani ya gamba akasubiri yaishe. Huyu hutimua mbio, na mbio zenyewe si za mchezo, akajisokomeza kwenye ufa na kujikaza kwa miguu, kumtoa hapo ni shughuli. Yupo Tanzania, Kenya na kidogo kaskazini mwa Zambia, kwingine duniani hakuna. Mwaka 2019 aliwekwa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na mwaka huohuo mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori ukapiga marufuku kumfanyia biashara akiwa ametolewa porini. Wanaomtafuta humuuza nje, kwa watu wanaopenda kufuga kobe majumbani. Na ili kumtoa hutumia mtaimbo, wanapasua jiwe. Jiwe likishapasuka, ufa ule ndiyo umekwisha. Hata kobe mwingine hana pa kuingia.

Mwalimu mmoja wa awali, jirani yangu, ndiye aliyenitia kwenye mambo haya. Alitaka zana ya kobe huyo kwa ajili ya kona za kujifunzia darasani kwake, akakosa hata picha. Tukakaa chini, tukaitengeneza.

Nilichukua mbao mbili nene za mkongo, nikazichonga juu zikawa na mabonde na matuta ya jiwe, nikaziweka moja juu ya nyingine nikiacha mwanya. Kobe nikamchonga kwa kipande cha mninga, mgongo nikautia mistari kwa patasi, tumbo nikalisawazisha kwa randa mpaka akawa mwembamba anavyotakiwa. Nyuma yake nikafunga mpira wa manati, ncha ya pili ikapigiliwa ndani kabisa ya mwanya. Mtoto anamshika kobe anamvuta. Anakuja kidogo, anakataa. Akimwachia, paa! ameshajificha. Mwanya lazima uwe mpana kuliko kobe na mikono ya mtoto kwa pamoja, na ndani uwekwe kitambaa cha blanketi, vinginevyo siku ya kwanza tu mtu atalia amebanwa kidole. Watoto wanaweza kulifanya hilo asubuhi nzima. Mpira wa manati wanaujua kwa kazi nyingine, ya kuwaangusha ndege, na mwalimu alifurahi sana kwamba safari hii unafanya kazi ya heshima.

Kisha jiwe la juu. Hilo nililikata vipande vinne vinavyoshikana kwa vijiti, na pembeni nikaning'iniza mtaimbo mdogo wa mbao. Mtoto akiupenyeza mtaimbo na kukandamiza, jiwe linasambaratika, kobe anabaki peupe. Hapo huwa wanashangilia, kwa nini wasishangilie? Halafu wanarudi kwenye mchezo wao wa kuvuta na kuachia, na sasa kobe anarudi palepale kwenye mwanga, hakuna pa kuingia. Siku ya kwanza darasani, binti mmoja alikaa akaangalia, akauliza, "Sasa huyu atalala wapi?" Mwalimu hakumjibu. Alimsogezea vile vipande vinne.

Kulijenga upya jiwe lile kunasumbua, na nimelikaza makusudi. Vipande vinaingia kwa mpangilio mmoja tu, na lazima mmoja ashike wakati mwenzake anapachika. Kubomoa ni mkono mmoja, dakika haijaisha. Mtoto analijua hilo kwa viganja vyake, bila mtu mzima kutamka neno uhifadhi, ambalo kwa umri ule halina maana yoyote.

Pembeni ya kobe tuliweka mayai. Kobe huyu hutaga yai moja kwa wakati, mara chache mawili. Kuku wa nyumbani anaatamia kumi na kuendelea, na huyo mtoto wa Dodoma anamjua vizuri. Basi kuna kiota cha kuku chenye mayai kumi ya mbao, na kishimo cha kobe chenye yai moja. Mwalimu anasema, nguchiro amepita, toeni yai moja kila upande. Kwa kuku yanabaki tisa. Kwa kobe wanatazamana. Hesabu ya kutoa wameifanya papo hapo, na wengine wakaanza kumtafuta nguchiro wamfukuze. Mayai hayo yawe makubwa, ya saizi ya kuku wa kisasa. Chochote kinachoweza kuingia mdomoni mwa mtoto wa miaka 3 kisiwepo mezani, hata kiwe kizuri namna gani.

Kobe ni rahisi, hana ugomvi na mtu. Tembo ndiye anayepima kama kweli tunajua tunachofanya.

Wapo watoto wanaokuja Nzuguni kutoka vijiji vya Bahi, Chamwino na Manyoni, upande wa mapori ya Kizigo, Muhesi na Rungwa. Mtoto huyo ameamshwa usiku na madebe yanapigwa. Asubuhi ameona mtama wa baba yake umelala chini. Tembo mmoja mkubwa anakula hadi kilo 150 kwa siku, na mara nyingi akiingia shambani haji peke yake. Neno "kifuta jasho", yaani fedha ambayo serikali humpa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, mtoto huyo amelisikia nyumbani kabla hajajua kuandika jina lake, na amesikia pia jinsi kinavyochelewa. Sasa ukimpeleka mbele ya picha ya tembo anayetabasamu, umwambie tembo ni rafiki yetu, atakunyamazia tu, kwa adabu. Moyoni ameshakutoa kwenye orodha ya watu wanaosema kweli.

Kwa mtoto huyo tulitengeneza uzio wa nyuki. Wazo lenyewe si letu. Mtafiti Lucy King aliliendeleza kule Kenya: mizinga inatundikwa kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya mmoja, tembo akisukuma waya apite, mizinga yote inayumba, nyuki wanatoka. Tembo pamoja na ukubwa wake anaogopa nyuki, maana humuuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga, ambako ngozi ni laini. Mkulima anabaki na mtama, na asali juu. Watu wa Manyoni na Itigi hawahitaji kufundishwa mzinga ni nini.

Tukasimamisha nguzo fupi, kimo cha kifua cha mtoto wa miaka 5, tukapitisha kamba, tukaning'iniza mizinga midogo ya mbao iliyotobolewa ndani na kutiwa mbegu za mkwaju, kisha midomo ikazibwa kwa gundi na skrubu. Ndani ya uzio kuna mabua ya mtama ya kweli. Mtoto mmoja ni tembo. Amevaa mkono wa sweta kuukuu, ndiyo mkonga wake. Anakuja na njaa yake, anagusa kamba, mizinga yote inalia chakacha kwa pamoja, na wenzake wanaruka kuwa nyuki. Hapo tembo hafi, na mkulima halali njaa. Wanabadilishana, kila mmoja anataka kuwa tembo, mara moja moja anapatikana wa kuwa mkulima. Mtoto wa Bahi aliyekuja na shule yake ndiye aliyewafundisha wa mjini kwamba tembo haji mchana, anakuja usiku, kwa hiyo wafumbe macho. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwalimu akaleta khanga nyeusi, wakatandika giza juu ya shamba.

Kuna na njia ya pilipili. Wakulima huchanganya pilipili iliyosagwa na oili chafu ya magari, wakapaka matambara na kuyatundika kwenye kamba kuzunguka shamba. Harufu yake tembo haiwezi. Kwa watoto, pua zao zitumike. Weka pilipili nzima, kavu, ndani ya kopo lililofungwa kwa wavu uliokazwa, wanuse kwa mbali. Usithubutu kuweka ya unga. Mtoto akishika pilipili kisha akajisugua macho, siku ya maonesho imeishia hapo, na mama yake utaongea naye wewe.

Mahali pa takwimu ni nyuma, kwa mzazi aliyesimama ameshika begi la shule. Huyo ndiye anayesoma, na huyo ndiye anayepiga kura. Sensa za tembo wa nchi hii zilionesha 109,051 mwaka 2009, na 43,330 mwaka 2014. Ujangili wa meno ndio uliowamaliza kwa miaka ile mitano. Kwa mtoto, iwe elfu mia moja au iwe kumi, ni kitu kimoja. Nilitengeneza masanduku mawili yenye uso wa kioo cha plastiki, moja lina kokoto 109 na jingine 43, kila kokoto ni tembo elfu moja. Yapo juu, usawa wa mtu mzima. Nimewaona akina baba wanasimama hapo muda mrefu kuliko kwenye bango lolote, na mmoja alianza kuzihesabu, nadhani hakuniamini.

Walimu wengi wakisikia habari ya vitu vya kushika, swali lao la kwanza ni wapi watapata pembe, ngozi au jino la kweli. Naomba niwaonye kwa upendo: hizo ni nyara za serikali. Kukaa nazo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hakimu hatauliza kama ulikuwa unafundisha awali. Wenye mamlaka ya kuzionesha wapo, waachiwe wao. Sisi mbao inatutosha. Nyayo, kwa mfano. Chonga wayo wa simba, wa fisi, wa mbwa, wa twiga na wa mbuzi, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi, chini ya kibao chenye mshikio. Weka sanduku la mchanga wenye unyevu, waache wagonge. Simba huficha kucha anapotembea, kwa hiyo wayo wake hauna alama ya kucha. Fisi na mbwa wanazo. Mtoto wa miaka 4 anaigundua tofauti hiyo kwa kidole chake haraka kuliko mimi niliyeichonga. Tulificha wayo mmoja usiokuwa na mwenyewe kwenye orodha, wa kiatu cha mtu. Wamebishana mno juu ya huyo.

Na wapo watoto ambao bango haliwapi kitu kabisa. Chamwino kuna shule ya wasioona pale Buigiri. Watoto wale wakipita kwenye mabanda ya wanyamapori, kizimba kinawapa harufu, spika inawapa kelele, na baada ya hapo wanaambiwa wasogee wenzao waone. Mwanya wa kobe, mayai, kamba ya nyuki, nyayo kwenye mchanga, vyote hivyo havihitaji macho. Sikuvitengeneza kwa kuwafikiria wao, lakini nikipata kazi nyingine ya namna hii nitaanzia kwao, maana kitu kinachoeleweka kwa viganja peke yake kitaeleweka kwa kila mtoto.

Michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa nayo ingefaa sana. Imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, ina twiga na tembo waliochorwa na watu waliokuwa wakiwatazama kweli, na haitakiwi kuguswa. Mbao iliyopakwa udongo mgumu, na bakuli la udongo mwekundu, mtoto achore wake kwa kidole. Hilo bado hatujalifanya, yeyote anayelitaka alichukue.

Najua atatokea mtu aseme seremala anajitafutia kazi. Ndiyo, najitafutia, nina watoto. Lakini fremu za mabango nazo zinanilipa, tena bila kuumiza kichwa. Fedha inayotoka kwa bango moja kubwa la kuchapishwa na fremu yake inanitosha kununua mbao za kobe na za uzio wa nyuki, na bango lile huwa nalikuta limetupwa nyuma ya banda tarehe tisa Agosti.

Kwa atakayekubali kujaribu, haya ndiyo ninayomwomba. Meza isizidi sentimita 55 kwenda juu. Kingo zote zipigwe msasa mpaka zizunguke, na bawaba ziachwe kabisa pale inapowezekana, maana bawaba na vidole havipatani. Rangi isiwe ile ya mabati. Ukikosa yenye uhakika kwamba haina madini ya risasi, acha mbao na rangi yake. Kila kitu kipelekwe kwanza kwenye darasa la awali lililo karibu, kiwekwe sakafuni, na watu wazima wakae pembeni wafunge mdomo. Kama mtoto hajui la kufanya nacho ndani ya muda mfupi, kosa ni la fundi, kirudi karakanani. Na msiweke askari wa kusema "usiguse".

Kitavunjika, hilo halina mjadala. Kobe wangu ameshabadilishwa kichwa. Kwa hiyo kwenye bajeti kiwekwe kifungu cha matengenezo, na atakayekaa mezani awe na gundi, nyundo ndogo, bisibisi na mpira wa manati wa akiba wa kutosha, kwa sababu shule zikianza kuingia kwa mabasi, mpira mmoja haumalizi siku mbili.

Wako,
Fundi seremala,
Chang'ombe, Dodoma